Puukko: namna ya kukisoma kisu cha Wafini

Kifini kina maneno mawili ya kisu. La kwanza ni veitsi, nalo ni kisu chochote kile: cha kupakia siagi, cha kukatia nyama jikoni, hata kile cha daktari wa upasuaji. La pili ni puukko, na hilo halitumiki ovyo. Puukko ni kisu kifupi cha kuvaa kiunoni, chenye makali upande mmoja, mpini usio na kizuizi cha vidole, na ala ya ngozi inayomeza karibu nusu ya mpini wenyewe. Wengi husema neno limetokana na puu, yaani mti, kwa sababu ya mpini. Wengine wanalivuta kutoka Kijerumani cha kaskazini, kwenye neno la zamani la jambia dogo. Mimi naegemea upande wa mti. Kisu hiki ni mtoto wa msitu, na karibu kila kitu katika umbo lake kinaeleweka ukikumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchonga.

Naishi Tampere, mji wa Ufini, na kwa miaka tisa nimekuwa nikikusanya puukko moja moja, mfuko unaporuhusu. Leo ninazo kumi na nne. Ndugu na marafiki wanaoziona, ana kwa ana au kwenye picha, huniuliza maswali yaleyale. Kwa nini kisu kidogo hivi kiuzwe euro 300, na pacha wake kiuzwe euro 30? Kile chenye kichwa cha farasi ni cha kabila gani? Kile kirefu kama panga nacho ni puukko? Na zaidi ya yote: mtu unakusanyaje visu, una ugomvi na nani?

Maswali haya yamefungana kama uzi uliochezewa na paka, kwa sababu dukani na mtandaoni vitu vinne tofauti vinatajwa kwa jina moja: kisu cha fundi wa kijijini, kisu cha kiwandani, kisu cha zawadi, na kisu cha mtalii. Vinaweza kufanana sana kwa nje. Anayeanza kwa kutazama mapambo atapotea mapema. Kwa hiyo tuanze mahali ambapo mapambo hayafiki.

Ndani ya mpini

Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea mjomba wangu puukko moja. Mjomba ni seremala, yuko Pangani, na mikono yake imeshika visu vingi kuliko nitakavyowahi kuviona mimi. Nilimkabidhi kikiwa ndani ya ala. Akakichomoa, na badala ya kujaribu makali kama nilivyotarajia, akakigeuza kichwa chini, akaangalia kitako cha mpini, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa kidogo cha chuma kilichotokeza katikati ya kibati cha shaba njano. "Msuka umepita mpaka huku," akasema. "Huyu ni fundi."

Sikuwahi kumweleza chochote kuhusu puukko. Alijua kwa sababu msuka ni msuka, uwe wa jembe au wa kisu. Ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wafini wanauita ruoto, neno hilohilo wanalotumia kwa mwiba wa samaki, na ukiuona kabla haujavikwa mpini utakubali kwamba jina limefaa: bapa, yaani sehemu yenye makali, linashuka, linasinyaa ghafla mabegani, kisha linaendelea kama uti mwembamba. Katika puukko ya jadi uti huo unapita mpini mzima, unatokea upande wa pili, unavishwa kibati, kisha ncha yake inagongwa kwa nyundo ndogo mpaka ipanuke na kubana kila kitu mahali pake.

Kwa nini wasitumie chuma kipana kilichobanwa kati ya vipande viwili vya mti, kama visu vingi vya jikoni? Sababu ya kwanza ni uhaba. Mashariki mwa Ufini chuma cha zamani kilitoka kwenye vidonge vya madini vilivyoopolewa kutoka vilindi vya maziwa, vikayeyushwa kwa makaa, na feleji yenyewe, chuma kile kigumu cha kubeba makali, ilikuwa haba zaidi. Mhunzi hakuwa na chuma cha kuficha ndani ya mpini bila sababu. Katika visu vingi vya zamani feleji ni ulimi mwembamba tu uliowekwa katikati ya chuma laini. Sababu ya pili ni baridi. Mahali ambapo joto hushuka nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, chuma kinachogusa kiganja kinauma. Mpini unaouzunguka msuka pande zote hauachi chuma kimguse mtu. Ya tatu ni kwamba mpini ukipasuka unatolewa na mwingine unavishwa, bapa likabaki lilelile. Nina kisu ambacho mpini wake ni mchanga kuliko bapa kwa miaka mingi, na hilo linaonekana wazi kwenye rangi ya kibati.

Ukiwa sokoni, basi, geuza kisu kichwa chini kama mjomba. Ukiona kichwa cha msuka kimegongwa vizuri, umepata dalili njema. Usipokiona, usikimbilie kusema ni bandia. Mafundi wazuri wa leo huuficha msuka na kuugundisha ndani, na kazi yao ni imara. Lakini muuzaji akishindwa kukwambia msuka unafika wapi, mshukuru na uendelee mbele.

Makali yaliyolala

Sasa litazame bapa. Urefu wake kwa kawaida ni kama upana wa kiganja, sentimita 9 au 10, na mara nyingi hauuzidi wa mpini. Mgongo ni mnyoofu. Tofauti kubwa na visu tulivyovizoea ni namna makali yalivyokatwa. Kisu cha jikoni kina mteremko mpana, kisha pale mwisho kabisa kina kimteremko kingine kidogo cha makali. Puukko ina mteremko mmoja tu kila upande, unaoanzia katikati ya bapa na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye makali.

Faida yake inajulikana siku ya kukinoa. Huna haja ya kukisia pembe. Unakilaza kisu juu ya kinoo mpaka mteremko mzima uguse jiwe, unakandamiza kidogo kwa vidole viwili, unasukuma. Kinoo kikiwa kimelowa vizuri, utaona mstari mwembamba wa maji ukisukumwa mbele ya makali. Mstari ukikatika mahali, hapo umeinua mkono. Mtu aliye msituni, jioni, akiwa na jiwe moja tu mfukoni, anaweza kuyarudisha makali yake bila kifaa kingine, na mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa jambo hilo kwa siku moja. Mteremko huo huo ndio unaokiongoza kisu ndani ya mti: unakilaza juu ya kijiti cha msonobari, unasukuma, na utepe mwembamba unajikunja kama nywele. Ukiziacha tepe ishirini kwenye kijiti kimoja bila kuzikata, una kiwashio cha moto kinachoshika hata kuni zikiwa mbichi. Nikinunua puukko hilo ndilo jaribio langu la kwanza, kabla ya kuanza kusoma mhuri wa fundi.

Kizuizi cha vidole hakipo kwa sababu kingekuwa kikwazo. Anayechonga kijiko hubadilisha mshiko kila dakika. Kidole gumba kinapanda juu ya mgongo wa bapa, kiganja kinasogea mbele, kisu kinageuzwa kuelekea kifuani. Pia, kisu kingekuwa na kizuizi, ala isingeweza kukimeza. Ala ya puukko, inayoitwa tuppi, haina kifungo wala kamba ya kuzuia kisu kisidondoke. Ngozi hulowekwa, ikafinyangwa juu ya kisu chenyewe, ikashonwa kwa nyuma, ikaachwa ikauke na kushika umbo. Ndani huwekwa kijiala cha mti ili makali yasiikate ngozi. Kisu kikiingia kinabanwa kwenye mpini, na kinatoka kwa kusukumwa na kidole gumba kimoja, hata ukiwa umevaa glavu. Ndiyo maana puukko iliyopotewa na ala yake imepungukiwa zaidi ya pambo, na mimi hupunguza bei bila haya ninapouziwa kisu na ala ambavyo havikuzaliwa pamoja. Utajua kwa kukiingiza: cha ndoa ya kulazimishwa ama kinacheza, ama kinakwama njiani.

Mti na gome

Mipini ni raha ya peke yake, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo.

Mti unaopendwa kuliko yote ni visakoivu. Koivu ni ule mti wa gome jeupe unaouona katika kila picha ya Ufini, na visa ni aina yake ambayo nyuzi zake zimejikunja na kujifunga mafundo tangu ndani, ikaacha alama za kahawia kama miali ya moto au nyayo za ndege. Si ugonjwa, ni tabia ya kurithi, inayopita kwenye mbegu, na siku hizi watu hupanda mashamba yake kwa makusudi. Hukua polepole, haunyooki, hauna faida kwa mpasua mbao, lakini mti wenyewe ni mgumu na hauogopi kupasuka. Huuzwa kwa kilo, kama nyama. Ukipaka mafuta kwenye mpini mpya wa visa mara ya kwanza, michoro inajitokeza mbele ya macho yako, ikizama na kuinuka kadiri unavyougeuza kwenye mwanga.

Hata hivyo, ningelazimishwa kubaki na mpini mmoja tu, ningechagua wa tuohi, yaani gome la koivu. Gome hubanduliwa mwanzoni mwa kiangazi, utomvu unapopanda na gome kuachia lenyewe. Hukatwa vipande vya mraba, vikatobolewa katikati, vikavishwa kwenye msuka kimoja baada ya kingine, makumi kwa makumi, vikabanwa kwa nguvu, kisha rundo zima likachongwa kama mti. Matokeo yake ni mpini mwepesi, wenye mistari myembamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Gome lina mafuta yake ya asili yanayokataa maji. Kwenye baridi unahisi kama lina joto, na likilowa halitelezi. Wavuvi walilipenda kwa hilo. Mpini wa tuohi ulioshikwa miaka 40 hung'aa kahawia iliyokolea, laini kama kiatu cha ngozi kilichovaliwa vizuri, na hakuna kiwanda kinachoweza kuiiga ngozi ile.

Pembe ya reindia, kulungu yule wa kaskazini anayefugwa, nayo ina heshima yake, hasa Lapland, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Ufini. Huchanganywa na mti au gome, ikawekwa miisho yote miwili ya mpini mahali pa shaba. Mipini ya plastiki ya viwandani, mingine ya rangi nyekundu iliyokolea, ina wapenzi wake. Mimi si mmoja wao, ingawa naikubali mkononi mwa mtu anayesafisha samaki kila siku.

Puukko na kwao

Ukishazoea umbo la msingi, mikoa inaanza kujitenga yenyewe.

Katika mkoa wa Kainuu, kijiji cha Hyrynsalmi, kulikuwa na mhunzi wa karne ya 19 aliyeitwa Kalle Keränen. Alikwenda kujifunza Fiskars, kiwanda cha chuma kilichoanzishwa mwaka 1649, ambako alikuwako fundi wa visu Mwingereza, Thomas Woodward. Keränen akarudi kwao na ujuzi, na visu alivyofua vikaitwa Tommi, kwa jina la Thomas. Leo Tommi ni ukoo mzima. Utaitambua kwa bapa lake lililonenepa katikati na kupungua kuelekea mgongoni na kwenye makali pia, kwa mpini wa visa, na kwa kofia za shaba njano pande zote mbili. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wapenzi wa visu wanaotafuta usafi wa damu, kisu cha Kifini kisichoguswa na mgeni. Mojawapo ya puukko zinazoheshimiwa kuliko zote nchini imebeba jina la Mwingereza, na Kainuu hawaoni aibu yoyote.

Magharibi, Ostrobothnia ya Kusini, ndiko swali lile la ugomvi linakotoka. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi miaka ya 1880, vijiji vya Härmä, Kauhava na Lapua vilisumbuliwa na vijana walioitwa puukkojunkkarit, wababe wa visu, waliovamia harusi na kumwaga damu. Wawili wao, Antti Isotalo na Antti Rannanjärvi, wamebaki katika kumbukumbu za watu mpaka leo, na picha yao wakiwa katika minyororo bado inachapishwa. Kifini kilibaki na kitenzi chake: puukottaa, kumchoma mtu kisu. Siwezi kuandika kuhusu uzuri wa vyombo hivi nikaliruka jambo hilo, maana waliouawa walikuwa watoto wa watu. Ila naona ni kosa kukihukumu kisu cha nchi nzima kwa wilaya chache na miaka mia moja. Wakati huohuo, katika maelfu ya nyumba, puukko ilikuwa ikichonga vijiko, ikitengeneza reki, ikikata mkate na kuparua samaki. Wanawake nao walivaa zao, ndogo zaidi, zikining'inia kwenye mkanda.

Kauhava hiyohiyo ndiyo iliyogeuka kuwa mji mkuu wa puukko. Iisakki Järvenpää alianzisha kazi yake huko mwaka 1879, na jina la kampuni hiyo bado liko kwenye bapa. Mtindo wa Kauhava ni wa kujionyesha: ala nyekundu na nyeusi yenye vipande vya shaba, mpini wa tuohi, bapa lililochorwa kwa tindikali, na kile kichwa cha farasi cha shaba kwenye kitako kinachowashangaza wageni. Jibu la swali la kabila ni hilo: kichwa cha farasi ni mapambo ya mkoa, na mara nyingi kinaashiria kisu cha zawadi. Huko ndiko utakutana pia na puukko pacha, visu viwili, kikubwa na kidogo, ndani ya ala moja. Kila mwaka mwezi wa Juni mji huo una tamasha la puukko, mafundi wakashindana, na mgeni anaruhusiwa kushika kazi zao na kuuliza maswali ya kipumbavu. Nimeyauliza mengi na nikajibiwa yote kwa upole.

Kile kirefu kama panga ni leuku, kisu cha Wasami, wenyeji wa kaskazini. Bapa lake linaweza kufika sentimita 20 na zaidi. Linakata matawi ya kuni, linapasua mifupa ya reindia, linachonga nguzo za hema. Mahali ambapo miti ni myembamba, leuku inashika nafasi ya shoka. Wasami wenyewe humwongezea ndugu mdogo wa kazi laini. Leuku si puukko, ni jirani aliyeoa katika ukoo, na duka likiiandika puukko kwa jumla, hapo nawe uwe macho na maelezo yake mengine.

Lapland ndiko pia kwa Marttiini, kiwanda alichoanzisha Janne Marttiini mwaka 1928 karibu na Rovaniemi. Vita vya Lapland vya 1944 viliuteketeza mji huo karibu wote, na kiwanda kikaanza upya. Wengi wetu puukko yetu ya kwanza ni Marttiini, na hakuna cha kuonea haya. Ni visu vya kweli vya kazi. Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940, kabla ya hapo, vilikuwa vimempa askari wa Kifini sifa ya kwenda vitani na puukko yake mwenyewe kutoka nyumbani, ingawa Warusi walikuwa na neno finka, yaani kisu cha Kifini, tangu kabla ya vita hivyo. Upande wa amani, msanifu Tapio Wirkkala alichora puukko kwa ajili ya kiwanda cha Hackman mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyeusi, laini, bila pambo, na wakusanyaji huifukuzia mpaka leo. Naiona nzuri mno. Naiona pia kama kitu cha kabatini, na kwa hiyo sijaitafuta.

Kwa nini huyu 30 na yule 300

Euro 30 zinakupa bapa lililokatwa kutoka kwenye bamba, likapewa joto pamoja na mamia ya wenzake, mpini uliochongwa na mashine, ala iliyoshonwa kiwandani. Kitakata. Euro 300 zinalipia siku kadhaa za mtu mmoja: kufua feleji mpaka bapa na msuka vipate umbo, kulipasha moto na kulitumbukiza kwenye mafuta ili liwe gumu, kisha kulirudisha kwenye joto la nyuzi 200 hivi mpaka uso wa chuma ugeuke manjano kama nyasi kavu, ili ugumu upungue kidogo na bapa lisivunjike kama kioo. Hatua hiyo ya mwisho ni ya dakika chache na ndiyo inayoamua kila kitu. Haionekani kwa macho baadaye. Unamwamini fundi, au unamwamini aliyekwambia habari za fundi.

Katikati ya bei hizo kuna eneo la ukungu. Watu wengi hununua bapa la kiwandani lililokwisha tayari, wakalitia mpini na ala kwa mkono wao. Si udanganyifu, na baadhi ya mipini mizuri niliyo nayo imetengenezwa hivyo. Udanganyifu ni kuuza kazi hiyo kwa bei ya bapa la kufuliwa. Swali la kuuliza ni fupi: nani amefua bapa? Fundi aliyelifua mwenyewe atakuonyesha mhuri wake karibu na mpini, na kwa kawaida hutaweza kumnyamazisha.

Kwenye masoko ya mitumba, ninakopata zangu nyingi, ninachokitafuta ni alama za kazi. Bapa lililonolewa miaka mingi hupungua upana. Mteremko unapanda kuelekea mgongoni, ncha inashuka, na karibu na mpini hubaki kingazi kidogo mahali ambapo kinoo hakikufika. Wakusanyaji wengi huvikwepa visu hivyo, wanataka vilivyolala kabatini bila kuguswa. Nadhani wanakosa. Kwenye upana uliopotea unasoma mkono wa mtu: kama kingazi kiko upande mmoja zaidi, aliyekitumia huenda alinoa kwa mkono wa kushoto. Kinachonifukuza mimi ni kisu kilichong'arishwa juzi kwa mashine ili kionekane kipya. Weusi wa chuma cha zamani ukishaondolewa haurudi, na mara nyingi mhuri huondoka nao.

Puukko hupewa mtu kwa heshima. Kijana hupewa ya kwanza anapoonekana ana akili ya kuishika. Mzee hupewa anapotimiza miaka 50 au anapostaafu. Kwetu pwani, aliyewahi kuona jambia la Kiomani kiunoni mwa bwana harusi ataelewa haraka kwamba kisu kinaweza kuwa cheti. Lakini kuivaa mitaani ni jambo jingine. Sheria ya Ufini ya utaratibu wa umma ya mwaka 2003 inakataza kubeba kisu mahali pa watu bila sababu ya kazi au shughuli inayokubalika. Mvuvi ziwani, sawa. Mtu kwenye baa saa nne za usiku, hapana. Nanyi mnaosafirisha, kisu kikae kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, na sheria za mnakokwenda muziulize kabla.

Kutu

Puukko yangu ya kwanza ya maana, Tommi ya chuma cha kaboni, niliiharibu kwa kuihifadhi. Niliipaka mafuta ya kupikia, nikairudisha ndani ya ala yake, nikaifungia kabatini miezi saba. Nilipoifungua, mafuta yalikuwa yamegeuka gundi, kofia za shaba zimeota ukungu wa kijani, na kwenye bapa kulikuwa na vidoa vya kutu vilivyozama kiasi cha kuacha mashimo. Ngozi hushika unyevu, na kemikali zilizoilainisha kiwandani huishambulia shaba. Mashimo yale yapo mpaka leo. Nikipitisha ukucha nayahisi.

Tangu hapo kisu kinalala nje ya ala, kimefungwa kwa karatasi kavu, kimepakwa mafuta membamba ya mashine au ya vaselini, na ala inalala kando yake. Mpini wa mti unapata nta mara moja kwa mwaka. Tuohi sipaki kitu, mkono unatosha. Kwa mtu wa Mombasa, Zanzibar au Pangani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, ningeshauri kuanza na bapa lisiloshika kutu, hata kama wajuzi watakunja uso.

Mjomba hakunisikiliza. Nilipompelekea kisu cha chuma cha kaboni nilimwonya sana kuhusu bahari, akaitikia kwa kichwa. Kisha akakitia kiunoni na kuanza kukitumia kila siku: kuchonga vigingi, kukata kamba, kumenya machungwa, kukwangua gundi. Kila jioni anakifuta kwenye shati na kukinoa kidogo juu ya jiwe alilolirithi kwa babu. Mwezi wa Desemba nilikwenda likizo, nikaomba nikione. Bapa lote limekuwa jeusi la kijivu, halina hata kidoa kimoja chekundu. Kingazi kimeanza kujitokeza karibu na mpini. Nilichukua rula yake ya useremala nikakipima: upana umepungua milimita mbili.